Mjomba, eti tajiri wa Nike alichukua ndagu?

Mwangaluka wasomaji. Mwezi huu sijui mmepatana wapi maana meseji karibu zote ni za raba, raba, raba. Kwa wasionijua, kabla sijaanza kuandika hapa niliuza raba za mtumba pale soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza miaka mingi tu, nimefungua marobota mpaka vidole vikawa sugu, kwaiyo kuniuliza mimi viatu ni kama kumuuliza mvuvi wa Igombe habari za sangara, utachoka wewe kabla yake. Haya twende.

"Mjomba shikamoo. Sisi tuna kijiwe cha kahawa hapa Kirumba, karibu na uwanja. Juzi umezuka ubishi wa kufa mtu. Mzee mmoja anasema mwenye Nike alikua hana kitu, akasafiri mpaka Japani akachukua ndagu, ule uchawi wa utajiri, huko ndo akarudi tajiri. Mwingine anasema hapana, yule ni Frimasoni na ile tiki ni alama yao. Kijana wa bodaboda yeye anasema tiki ilichorwa na mdada wa chuo akalipwa hela ya vocha, akadhulumiwa. Tumewekeana kreti ya soda. Nani anakunywa?" – Kijiwe, Kirumba

Marahaba wanangu. Kwanza mzee wa ndagu ana pointi moja, safari ya Japani ni kweli kabisa. Jamaa anaitwa Phil Knight, kazaliwa 1938 Portland kule Oregon, Marekani. Alikua mkimbiaji wa chuo, sio wa kutisha, wa kawaida tu. Mwaka 1962 akatua Japani akaenda Kobe kwenye kiwanda cha Onitsuka waliokua wanatengeneza raba za Tiger, akawaomba awauzie Marekani. Enzi hizo raba za maana za kukimbilia zilikua za Wajerumani na zilikua bei mbaya, yeye hesabu yake ilikua kwamba Mjapani anaweza kumfanyia Mjerumani kile alichowafanyia kwenye kamera, yani kuja na bei nafuu akawapiku. Hiyo hesabu aliiandika shuleni kama homuweki, hakupewa na mganga.

Afu sasa msikilize vizuri, maana hapa ndo umbea wa kijiwe unapokatika. 1964 yeye na kocha wake wa zamani, Bill Bowerman, wakatoa dola 500 kila mtu wakaanzisha kampuni inaitwa Blue Ribbon Sports. Duka hawana. Knight anajaza viatu kwenye buti ya gari lake anaenda kwenye mashindano ya riadha anafungua buti anauza, yani ni machinga kama mimi tofauti yake yeye ana gari. Na miaka yote hiyo ya mwanzo kazi yake ya kumlisha ilikua uhasibu, baadae akafundisha na uhasibu chuoni, kwa sababu biashara haikua na hela ya kumlipa mshahara. Mzigo unaisha wote lakini mfukoni hakuna kitu, hela imerudi kununua mzigo mkubwa zaidi, benki nao wanamkunjia sura. Mtu yeyote aliyewahi kufungua robota anaijua hiyo hali, unauza wiki nzima, jumapili unaomba nauli. Ndagu gani hiyo inayokulaza njaa miaka yote hiyo?

Halaf wakaja kukosana na hao Wajapani wenyewe mpaka mahakamani. Onitsuka ndo hawa leo mnawaita ASICS. Kwaiyo kama kuna mtu alitakiwa kurogwa basi ni Knight.

Frimasoni: hapana. Jina Nike lilipatikana 1971, mfanyakazi wao wa kwanza anasema alilipata usingizini, ni mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki wa kale, anachorwa na mabawa, na tiki inatajwa kama bawa lake. Knight mwenyewe alikua anataka kampuni iitwe Dimension Six. Hebu fikiria umevaa Dimension Six unaenda harusini. Mzee wa Frimasoni mpeni soda moja ya pole kwa sababu angalau kuna mungu humo ndani, ila sio yule anayemdhania.

Kijana wa bodaboda ndo karibu ameshinda. Mdada anaitwa Carolyn Davidson, alikua anasoma usanifu wa michoro hapo hapo Portland, Knight alimkuta koridoni analalamika hela, akampa vikazi vya kuchora kwa dola 2 kwa saa. Tiki ile ilimtoka kwa dola 35. Knight hakuipenda sana hata siku hiyo, alisema labda ataizoea. Lakini neno "dhulumiwa" hapo kijana ameongeza chumvi, maana 1983 walimuita chakula cha mchana wakampa pete ya dhahabu yenye ile tiki na bahasha ya hisa za kampuni, na hisa za Nike za 1983 ukizikalia kimya sio hela ya vocha tena. Mnaweza kubishana kama 1983 ni kuchelewa. Mimi nasema ni kuchelewa, miaka 12 mtu anaiona kazi yake kwenye kila mguu unaopita barabarani. Ila alipewa.

Na kwa kuwa nimeshaanza, hakuna umbea wa Nike ninaoupenda kama wa kocha Bowerman. Huyu mzee 1971 alikua anatafuta soli inayoshika ardhi bila misumari, siku moja anaangalia mashine ya mke wake ya kuokea ile mikate yao ya vishimo vishimo kama sega la nyuki, akaona hii hii. Akamimina mpira wa maji mle ndani. Mashine ikaganda ikagoma kufunguka, ikafa. Mke sijui alisema nini. Lakini zile soli za vidonge vidonge mnazoziona kwenye mtumba wa Nike za zamani, baba yake ni jiko la mama mwenye nyumba.

Kreti: kijana achukue, mzee wa ndagu amnunulie kahawa. Knight uenyekiti ameacha 2016, na mwaka 2025 yeye na mkewe wameahidi dola bilioni 2 kwa taasisi ya saratani ya kwao Portland. Nilivyosoma hiyo niliangalia juu hospitali yetu ya Bugando pale mlimani nikanyamaza.

"Mjomba, habari za kazi. Mimi ni mke wa mtu hapa Nyakato. Mume wangu na mdogo wake walikua na karakana moja ya kushona jezi na trakisuti za shule. Sasa shemeji ametoka amefungua yake mtaa wa pili, alama yake inafanana na yetu, hawasalimiani, hata msibani wanakaa maturubai tofauti. Mimi ninavyojua ugomvi ulianzia kwenye mashine mbili za ovaloki, hela ilikua ya wote ila risiti ikaandikwa jina la mume wangu. Lakini majirani wanasema chanzo ni mimi, eti nilikua na shemeji. Haki ya Mungu sio kweli. Mama mkwe analia kila siku. Nifanyeje? Na ni kweli Adidas na Puma nao walikua ndugu?" – Mama wawili, Nyakato

Pole sana mama. Ni kweli walikua ndugu, tena tumbo moja, na nitakusimulia yote kwa sababu utajiona humo mpaka ushangae.

Kuna mji mdogo Ujerumani, Bavaria, unaitwa Herzogenaurach. Baba yao alikua mfanyakazi wa kiwanda cha viatu, mama anafua nguo za watu. Rudolf, Rudi, kazaliwa 1898, Adolf, Adi, kazaliwa 1900. Walianza kushona viatu kwenye chumba cha mama cha kufulia, umeme wa kubahatisha, kuna wakati mashine inazungushwa kwa kukanyaga baiskeli. 1924 wakaandikisha kampuni ya ndugu Dassler. Adi mkimya, anashinda karakanani na soli mkononi. Rudi ndo mdomo, anauza, anajua watu. Umeiona hiyo? Mmoja anashona mmoja anauza, kila mmoja usiku anajiambia bila mimi huyu si kitu. Olimpiki ya Berlin 1936 Jesse Owens, Mmarekani mweusi, akachukua dhahabu 4 mbele ya Hitler na miguuni kuna viatu vya Dassler, hapo jina likapaa. Na nisiwasafishe, ndugu wote wawili walikua na kadi ya chama cha Hitler tangu 1933.

Ikaja vita. Familia mbili nyumba moja, wake wawili hawapikiki chungu kimoja. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja ndege za mabomu zimekuja, Rudi na mkewe wameshatangulia handakini, Adi anaingia anafoka, "hawa washenzi wamerudi tena", yeye anasema ndege, Rudi akajua nimesemwa mimi. Hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Baada ya vita Wamarekani wakamkamata Rudi wakamweka ndani karibu mwaka mzima, akaamini mpaka kufa kwamba mdogo wake ndo kamchoma. Na ndio mama, na umbea wa mke wa mtu upo pia, mji mzima uliunong'ona, hakuna aliyewahi kuleta ushahidi. Kila mahali ni hivyo hivyo. Ndugu wakigombana, watu wanatafuta mwanamke kwanza, ovaloki haina utamu kuisimulia.

1948 wakagawana. Mafundi wengi wakabaki kwa Adi, watu wa mauzo wengi wakamfuata Rudi ng'ambo ya mto. Adi akaunganisha jina lake, Adi na Das, 1949 ikawa Adidas. Rudi akaanza na Ruda, likasikika baya, akaweka Puma. Sasa huo mto unaitwa Aurach, sio mkubwa, chukulia Mto Mirongo wetu hapa mjini, afu fikiria wa upande wa huku hawaoi wa upande wa kule, mkate unanunua kwa muuza mkate wa kiatu chako, baa ya Puma, baa ya Adidas. Ule mji ulipewa jina la mji wa shingo zilizopinda kwa sababu mtu kabla hajakusalimia anainama kwanza kuangalia umevaa nini. Simba na Yanga wanasubiri! Kuna kisa nakipenda, mafundi waliokua wanaitwa kwenda kutengeneza kitu nyumbani kwa Rudi walikua wanavaa Adidas makusudi, Rudi akiviona roho inamuuma anawaambia shukeni chini chukueni Puma, bure. Wajanja hawakuanza Mwanza.

Ugomvi wao umejaza makabati ya vikombe. 1954 fainali ya Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi imeifunga Hungary 3-2 Bern kwenye mvua, miguuni njumu za Adi zenye meno ya kufungua na kufunga kulingana na tope. Kombe la Dunia 1970 watoto wa hawa ndugu walikubaliana kabisa kwamba Pelé asiguswe na upande wowote maana bei itapanda kichaa, Puma wakavunja, na Pelé akainama kabla mpira haujaanza kufunga kamba dunia nzima ikiangalia Puma. Wakafa hawajapatana, Rudi 1974, Adi 1978. Wamezikwa makaburi ya mji mmoja, huyu kona hii, huyu kona ile, mbali kabisa. Wafanyakazi wa kampuni hizo mbili walikuja kucheza mechi ya amani, timu zimechanganywa, 2009. Miaka 61 mama. Na mjukuu wa Rudi alishakwenda kufanya kazi Adidas, mwanasheria.

Sasa ya kwako. Usiende kwa jirani hata mmoja kujitetea, ukianza kujieleza wanapata kipande cha pili cha hadithi. Ovaloki mbili: shida ni risiti. Mwambie mume wako, na usimwambie mbele ya mafundi, mwambie usiku, kwamba mdogo wake alitoa hela na jina lake halipo popote. Sio mashine tu, hata kwenye ile alama, hata kwenye kitabu cha oda. Kama inawezekana shemeji achukue ovaloki moja, ichukuliwe mchana kweupe na mama mkwe awepo, na iandikwe. Msiwaite watu wa mtaa, waiteni wajomba wawili na daftari. Alama nayo, kabla hamjagombana zaidi nani kaiga, nendeni mkaulize BRELA, wale wanaosajili biashara na alama zake, imeandikishwa kwa jina la nani, kuna uwezekano mkubwa hakuna aliyeiandikisha, mnagombania kitu ambacho hata mtu wa Geita anaweza kukichukua kesho. Mmoja abaki na ile, mwingine apewe muda achore yake, wanafunzi wa shule ya msingi hawajali kabisa kwenye trakisuti kuna mistari mingapi.

Adidas wenyewe ile mistari mitatu hawakuianza wao, waliinunua 1952 kwa Wafini wa Karhu, wanasema kwa hela kidogo na chupa mbili za wiski. Mwambie shemeji.

Na mama mkwe aache kulia, au alie mbele yao wote wawili kwa siku moja, inatosha.

"Kaka, mimi nanunuaga raba mtumba Mlango Mmoja, kila nikivaa mwezi mmoja soli inaachia au inapukutika kama keki. Naibiwa? Feki nazijuaje?" – Mwanafunzi, Malimbe

Huibiwi, unanunua kwa macho. Mtumba mara nyingi ni OG, yani orijino, kweli, mzungu kaivaa, kaitupa. Feki zinakuja mpya, kwenye boksi, ndo mnapigwa huko.

Soli kupukutika: ile povu ya katikati inazeeka yenyewe hata kama kiatu hakijavaliwa, unyevu unaila taratibu. Imekaa kwenye kabati Ulaya miaka 10, kwenye kontena miezi, inakuja hapa ziwani kwenye joto, inamalizika. Kwaiyo ukishika raba usiangalie juu, juu tumeshaipiga mswaki na dawa ya meno na tukaianika kwenye jiwe, itang'aa tu. Bonyeza povu kwa kidole gumba, kwa nguvu, pembeni ya kisigino. Ikirudi haraka nzuri. Ikibaki na shimo au ikitoa mlio wa karatasi, rudisha. Kunja kiatu sehemu ya vidole uone kama soli inafungua mdomo, na kama kuna gundi mpya ya njano imevuka mstari jua fundi ameshapita.

Kwa mpya: vuta ulimi, ndani kuna lebo ndogo, kuna saizi za nchi nchi na namba ya modeli, kwa Nike ni sita kistari tatu, za zamani tarakimu tupu, za siku hizi zinaanza na herufi mbili. Iandike Google hapo hapo mbele ya muuzaji. Ikija raba nyingine au rangi nyingine, ondoka bila kugombana. Ikilingana na boksi pia bado usimalize, feki nazo zinanakili namba, angalia ushonaji na unuse: harufu kali ya gundi inayokupanda puani hiyo imetoka kiwandani wiki iliyopita kwa haraka. Na winga akikwambia "hii ya mwisho bro, dogo wa Dar ameshailipia nusu", ipo nyingine nyuma ya pazia. Mimi nilikua nasema hivyo hivyo.

"Mjomba najiandaa na Rock City Marathon, nusu. Kuna jamaa ananiuzia raba ya kaboni ya mtumba laki na nusu, anasema ndo za Kipchoge. Ninunue?" – Mkimbiaji, Pasiansi

Usinunue. Ngoja nikwambie kwanini afu utaamua.

Eliud Kipchoge tarehe 12 Oktoba 2019 pale Vienna alikimbia marathon kwa 1:59:40, haikuhesabiwa rekodi kwa sababu wasindikizaji walikua wanapokezana na mambo mengine, lakini dunia ikashikilia kichwa, na miguuni alikua na Nike ya majaribio yenye kaboni ndani na povu nene. Miezi minne haikuisha, Januari 2020 wakubwa wa riadha wakaweka sheria soli isizidi milimita 40 na bamba la kaboni ndani liwe moja. Toka hapo imekua vita, Adidas nao Septemba 2023 Berlin Tigst Assefa wa Ethiopia kakimbia 2:11:53 na kiatu kilichouzwa dola 500 ambacho kilitengenezwa kwa mbio moja na mazoezi kidogo ya kukizoea, basi, kinastaafu.

Sasa rudi kwenye laki na nusu yako. Faida ya hizo raba ipo kwenye povu likiwa bichi. Mwenzio kashalikimbilia huko, povu limelala, umebakiwa na ubao mgumu chini ya unyayo. Afu wewe unafanyia mazoezi milima ya mawe ya Mwanza, ukishuka mteremko na ubao huo kifundo cha mguu kitakuita jina. Hela hiyo nunua raba ya kawaida ya mazoezi, povu zima, iliyozidi kidole chako kirefu kwa upana wa kidole gumba, na nyingine weka nauli na maji. Septemba 15, 2025 Tokyo, Alphonce Simbu wetu alishinda dhahabu ya dunia kwa 2:09:48, kampita Mjerumani kwa sekunde 0.03, picha ndo iliamua. Ile sekunde haikutoka Mlango Mmoja.

"Mjomba unawasema wote, wewe mwenyewe unavaa nini? Adidas, Puma au Nike?" – Nansio, Ukerewe

Katambuga. Za tairi, nimenunua Makoroboi, fundi kanichorea tiki nyeupe pembeni kwa rangi ya mafuta, kaikosea imeelekea nyuma. Safari iliyopita kwenye meli ya kuja huko kwenu vijana wawili walinifuata kwa adabu wakaniuliza hiyo ni toleo gani. Nikawaambia ya Japani.